Kinywa cha Godelieve

Kila Alhamisi, baada ya kuanika mihogo yake, Émilienne alifunga nyumba kule Lweba kwa kufuli, akamwomba jirani amwangalizie kuku, akapanda pikipiki kwenda Baraka. Alikaa upande, mfuko wa plastiki mapajani, na ndani ya mfuko kitambaa cha kufutia vumbi pamoja na ndizi tatu ndogo za kumpa mlinzi. Alipenda kufika kabla ya saa kumi. Saa kumi ndipo mlinzi huyo, Papa Mashaka, alipomwagilia maua, na maua yakishamwagiliwa, sanamu ya Godelieve, mwimbaji wetu wa vilio, iliimba.

Bustani yenyewe si kubwa. Ina ukuta wa matofali unaofika kiunoni, mabenchi manne ya sementi, na maua ya njano ambayo mbuzi wa jirani wanayapenda kuliko sisi. Katikati amesimama Godelieve wa sementi, kitenge kimefungwa kifuani, kiganja sikioni kama alivyozoea alipokuwa hai. Kila kitu chake kimefanana isipokuwa kinywa. Godelieve tuliyemjua hakufunga kinywa hata akila. Huyu wa sementi alibanwa midomo, kwa hiyo wimbo wake ulitoka puani, mmm, mmm, bila neno hata moja. Siku ya uzinduzi alianza kuimba katikati ya hotuba. Wageni walimsubiri amalize, kisha hotuba ikaendelea na watu wakagawiwa Fanta.

Asiyeujua wimbo huo aelezwe. Miaka minane iliyopita boti iliyoitwa Tuko Pamoja iliondoka Baraka kwenda Uvira. Ilikuwa na kibali cha kubeba watu arobaini na watano. Bandarini waliandikwa arobaini na wawili. Ilipofika mbele ya Lweba ikapunguza mwendo, mitumbwi ikaipelekea watu wengine kumi na tisa, na hao hakuna aliyewaandika. Mmoja wao alikuwa Aline, binti pekee wa Émilienne, miaka kumi na saba, aliyekuwa anampelekea shangazi yake ndagala, dagaa wa ziwani. Boti haikufika mbali, ikazama. Ziwa halikurudisha mtu, wala kandambili.

Godelieve alizunguka nyumba zote, za Baraka na za Lweba. Hakuuliza umri wala kazi. Alimwuliza kila mama neno moja tu: saa ya kula, fufu la muhogo likiiva, ulikuwa unamwitaje? Mama akaita vile alivyozoea kuita kutoka mlangoni, na Godelieve akauchukua mwito ule ulivyo, akaufanya mstari wa wimbo, jina likiwa ndani yake. Miito sitini na mmoja. Kisha akasimama ufukweni akawaita wote, mmoja mmoja, na sisi tulikuwapo. Aline alikuwa wa hamsini na tatu.

Sasa, kwetu, mtu wa ziwani huzikwa hivi. Unalifunga shina la mgomba kwa kitenge, unalilaza kwenye kitanda cha aliyezama. Mwaka ukiisha, yule aliyefungua kilio anarudi kuliita jina mara ya mwisho, ndipo shina linashushwa kaburini, mama ananyolewa nywele, na anaruhusiwa kulala kitandani. Tangu kilio kifunguliwe hadi siku hiyo watu wa nyumbani hawalitaji jina, kwa maana aliye majini akiitwa na damu yake hugeuka njiani. Ndiyo sababu Lweba waliacha kumwita Émilienne Mama Aline. Mimi ninalitaja kwa kuwa si ndugu yao, na bado naomba radhi. Godelieve, aliyevifungua vilio vyote sitini na kimoja, alikufa kwa malaria mwezi wa kumi na moja wa mwaka huo wa kilio, kilio hakijafungwa.

Arobaini na wawili walipata namna. Tume ya serikali ilikuja na orodha ya bandarini, ikasoma majina kwa kipaza sauti, padri na shehe wakakubaliana kwamba kwa mara hii kusoma huko kunatosha, na migomba ikazikwa. Wale wa Lweba waliambiwa kwamba asiyeandikwa hakupanda, na asiyepanda hakuzama. Émilienne alipanda mlima hadi Fizi, kwenye ofisi za serikali, kuuliza. Karani mmoja alimwambia, kwa upole kabisa, kwamba binti yake labda yuko Tanzania, wasichana wa siku hizi ni hivyo. Padri wa kwao aliwaombea watu wote wa ziwa kwa mkupuo. Jina halikutajwa. Shina la mgomba la Aline likabaki kitandani. Halikuoza. Lilitoa majani, likazaa, likazaa tena, ndizi ndogo tamu ambazo Émilienne hakuzila wala hakuziuza, na ndizo alizompelekea Papa Mashaka. Yeye mwenyewe alilala kwenye mkeka chini ya majani hayo, nywele zimemfika mgongoni.

Mwenye boti alikuwa Honorable Wilfried, mbunge wetu, na ndiye aliyejenga bustani. Tusimsingizie mtu: alimpenda Godelieve. Siku ya uzinduzi alilia kweli, kola ikalowa. Lakini ndiye aliyemwagiza fundi afunge kinywa cha sanamu, kwa sababu, alisema, kinywa wazi kitajengwa na nyigu. Mkubwa akisema nyigu, nanyi mnasema nyigu. Mwenye nguvu mpishe. Kila mtu Baraka alijua kwamba arobaini na wawili ni pungufu ya arobaini na watano, na kwamba sitini na moja si pungufu. Ni hesabu ya darasa la pili, na hatukuifanya kwa sauti.

Kwa hiyo Émilienne alikuja kila Alhamisi, akaipangusa miguu ya sanamu, akakaa benchi la mbele na kuhesabu miito kwa vidole. Ulipofika wa hamsini na tatu alijisikia mwenyewe, sauti yake ya mlangoni, inaanzia juu, inashuka, halafu inaruka mwishoni kwa kuwa mtoto hasikii. Kwa muda wa pumzi moja alifurahi. Kisha ukaja wa hamsini na nne, mwito wa Bienfait, mtoto wa jirani yake Immaculée, ambao huanza chini na kubaki chini, na furaha ikamwishia, akabaki na hasira. Mwito bila jina haufungi kilio. Alikuwa ameuliza wazee wote, na wote walisema hivyo.

Mwezi wa tisa, Alhamisi moja, hakwenda bustanini moja kwa moja. Alikwenda kwa Bertin, fundi mwashi, mdogo wa marehemu mume wake. Bertin alikuwa anapiga plasta ukuta wa duka. Émilienne alimsubiri amalize ndoo.

"Shemeki," alisema, "ile kinywa ni we uliifunga. Kuya uifungule."

Bertin alisema kazi ile aliikabidhi, na kazi iliyokabidhiwa si ya fundi tena. Alisema ana watoto sita na Honorable ndiye anayempa kazi. Alitaja na nyigu. Halafu akaona aibu, akaanza kuosha mwiko wake.

"Sitaki wimbo yote," Émilienne alisema. "Nataka jina moya tu. Nizike, ninyoe, nilale."

Bertin alichukua tindo na nyundo, wakaenda.

Papa Mashaka hakuwazuia. Aliuliza kama watamaliza kabla ya saa kumi, na kama vumbi la sementi linaua maua. Bertin akamjibu kwamba likimwagiliwa haliui. Mzee akakaa benchini akamenya ndizi yake.

Bertin alipasua polepole, kwanza akiiomba sanamu msamaha kwa Kibembe. Mdomo wa juu ulitoka vipande vitatu, wa chini ukatoka mzima. Ndani alikuta meno, ingawa yeye hakuweka meno, na nyuma ya meno ulimi. Alisafisha vumbi kwa kidole, akashuka, akasimama mbali kidogo na nyundo nyuma ya mgongo. Watu waliokuwa wakipita sokoni waliona kinywa kiko wazi, wakaingia na vikapu vyao wakakaa. Immaculée alikuwamo, alikuwa amekuja kuuza mafuta ya mawese.

Saa kumi Papa Mashaka alimwagilia maua. Godelieve akavuta pumzi, kifua cha sementi kikapanda. Akakohoa vumbi jeupe mara mbili. Émilienne alisogea karibu, vidole tayari.

Yakatoka maji.

Yalitoka mengi, baridi, ya ziwa, na ndani yake ndagala wachache walioruka-ruka kwenye sementi. Watu walisubiri yaishe ili wimbo uanze. Hayakuisha. Baada ya nusu saa mwanamke mmoja alisema jamani maji ni maji, akainua bidoni yake ya njano, dumu la maji, akaikinga, na wengine wakapanga foleni nyuma yake. Baraka, kwa wiki ya tatu, mabomba yalikuwa makavu. Émilienne alibaki amesimama mbele ya sanamu, amelowa hadi magotini, watu wakipitisha bidoni kando yake. Alisema mara moja tu, karibu na sikio la sementi: "Godelieve, jina." Maji yakaendelea kutoka.

Kesho yake Honorable Wilfried alikuja. Bertin alikuwa ameshaaga watoto. Lakini Honorable alimpa mkono, akasema yeye daima alijua kwamba mama yetu Godelieve angeendelea kutuhudumia, akamwagiza afunge bomba kinywani, na koki ili yasipotee. Redio ilitangaza. Wiki ya pili watu walilalamika kwamba maji yanatoka na takataka: vifungo vya mashati, kitana, funguo, shanga za nywele. Papa Mashaka alichana kipande cha chandarua cha mbu, akakifunga mdomoni mwa koki. Tangu hapo maji ni safi, na kila jioni anaukung'uta uchafu wa chandarua nyuma ya ukuta, kwa mbuzi.

Wimbo haukurudi. Saa kumi maua yanamwagiliwa, na hakuna kitu. Familia za Lweba, zilizokuwa na mwito angalau, zilimnunia Émilienne. Kuna waliosema maji yakimwagika hayazoleki, na walisema kwa nguvu ili akipita asikie. Immaculée hakumsemesha wiki mbili. Wiki ya tatu akaja kuomba chumvi, wakaendelea kama zamani, ila Bienfait hakuzungumzwa.

Émilienne bado anakwenda kila Alhamisi, sasa na bidoni. Mwanzoni alikwenda nyuma ya ukuta kutafuta shanga. Aline alikuwa na shanga nyekundu; alizipata nyekundu nyingi, za wasichana wengi, akaziacha.

Alhamisi iliyopita alirudi Lweba jua bado liko juu. Alitua bidoni, akasonga fufu lake. Jani jipya la mgomba lilikuwa limefika kwenye bati na kujikunja. Alipoliona aliingiwa na hamu ya kusikia ule mwito, bila jina, mwito mtupu tu, usiomgeuza mtu njiani. Akasimama mlangoni, pale pale alipokuwa akisimama zamani, akafumba midomo, akaita puani.

Ulianza chini, ukabaki chini. Akajaribu tena, akitafuta kuanzia juu, na ukatoka ule ule. Mara ya tatu alishika koo kwa mkono. Kilichotoka kilikuwa mwito wa Bienfait, sahihi kabisa, mpaka mwisho wake.

Nyumba ya pili mlango ulifunguka. Immaculée alitoka na mwiko wa fufu mkononi, akatazama njia ya ziwani, akaitazama kwa muda mrefu. Hakumwangalia Émilienne. Kisha akarudi ndani, fufu lisiungue.