Kipande Kisicho na Mwenzake

"Soma tena, mke mwenzangu," Bibi Apolinaria alimtania mjukuu wake.

Doto alipitisha kidole chini ya maneno. "Mto u-li-ja-a." Akatafuta kipande kingine mkekani, akakiweka kando ya cha kwanza. "Kwa sababu mvua ilinyesha sana."

"Umeona? Hiki kimemvuta mwenzake."

Vipande vile alivikata Mwalimu Dafrosa kutoka kalenda ya zamani, akaandika tukio kwenye kimoja na sababu yake kwenye kingine. Tangu pacha wake Kulwa afariki, Doto alisoma kila neno sawasawa, lakini akiulizwa kwa nini jambo limetokea, ananyamaza. Mwalimu alimpa vipande aende navyo nyumbani, na penseli mpya juu yake. Bibi hakuisahau penseli ile.

Pembeni palikuwa na sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa juani kisha vikachemshwa. Doto alikuwa amekula nusu. Nusu nyingine aliisogeza kando, kama alivyofanya kwa kila chakula tangu msiba, miezi minne sasa. Bibi alidhani ni huzuni, itapita.

"Haya, andika vyako viwili."

Mtoto aliandika akiwa amempa mgongo, kisha akavipanga. Bibi alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Shule aliishia darasa la nne, na bado alisoma kwa kuchezesha midomo.

*Kulwa alikufa.*

*Kwa sababu Doto alikula michembe yake.*

Alivua miwani, akavaa tena.

"Nani kakwambia hivi?"

"Wewe, Bibi. Ulisema pacha wasipopewa sawa, mmoja anaugua." Hakulia. Alisema kama anayejibu darasani. "Siku ile nilikula yote. Jioni akaanza homa."

Ni kweli Bibi alisema. Tangu mama yao aolewe tena huko Ziba na kumwachia watoto, aliwalea kama wazee wa kwao Goweko walivyomfundisha: nguo sawa, shanga sawa, kijiko kwa kijiko. Alisema kwa mapenzi.

Siku zile Kulwa alipougua, tumbaku ilikuwa ndani ya bani, banda la kukaushia, na moto wa kuikaushia hauachwi. Hakuwa na mtu wa kupokezana naye. Alimkanda Kulwa kwa maji, akasema kesho. Akasema tena kesho. Siku ya tatu jirani yao Raymundi aliacha moto wake mwenyewe, akawapakia kwenye pikipiki hadi zahanati, na hadi leo hajautaja mzigo wake wa tumbaku ulioharibika. Mganga wa zahanati alisema ni malaria, kisha akauliza taratibu, "Mama, mbona mmechelewa?" Aliinama kumfunika Kulwa. Na hakuna aliyemuuliza tena.

"Nipe penseli."

Bibi aliandika herufi kwa herufi. Alikosea, akafuta kwa kidole chenye mate, akaandika upya. Kisha akakiondoa kipande cha Doto, akaweka chake.

Doto alisoma polepole. "Kwa sababu aliugua malaria... na Bibi alichelewa... kumpeleka zahanati."

Akainua macho.

"Kwa nini ulichelewa?"

Miezi minne hakuwa ameuliza kwa nini.

"Nilikuwa nachochea moto wa tumbaku," Bibi alisema. "Nilidhani homa itaningoja."

Doto aliokota kipande chake, akakipitisha juu ya mkeka, kipande kwa kipande, akitafuta pa kukiweka. Hakupaona. Akabaki amekishika. Mkono wake wa pili ukaivuta ile sahani, kidogo kidogo, ukaiacha katikati yao wawili.