Majani Kabla ya Kona

Nikutege wewe uliyekaa hapo: amelala chali mchana kutwa, hana tumbo wala jino, na bado anakula watu. Ni nani? Unakuna kichwa. Haya, nipe mji. Umenipa Muleba? Muleba nimekwenda, nimekula ndizi, nimeshiba, nimerudi. Jibu ni barabara.

Basi barabara hiyo ndiyo aliyoipita Mama Anatolia Jumamosi ile, walipotoka Rubya kwenda Kaagya kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yake. Mkwewe Clavery alikuwa anaendesha, na kando yake amekaa Elieth, binti wa Anatolia. Bibi mwenyewe alikuwa nyuma, mjukuu wake Joanitha amemlalia mapajani. Kwa jinsi Anatolia alivyolelewa, mama mkwe hamkemei mume wa binti yake. Akiwa na neno, hulipitisha kwa binti.

Walipoipita Muhutwe, kibasi cheupe kikawapita kwenye kona, honi inalia. Kondakta akatoa kichwa dirishani.

"Mzee, hiyo gari unaendesha au unaisukuma?"

Clavery akacheka cheko fupi lisilo na furaha, kisha akakanyaga mafuta.

"Elieth," bibi akasema, "mwambie baba Joanitha kwamba askofu hatatukimbia."

"Baba Joanitha, mama anasema askofu hatatukimbia."

"Mwambie mama atulie. Gari naijua."

"Mwambie gari anaijua, lakini huyo wa mbele hamjui."

Safari hii Elieth hakupitisha neno. Alikuwa ameshika mkanda kwa mikono miwili. Mbele yao kibasi kiliyumba, na pikipiki iliyobeba mikungu ikajitupa pembeni kukikwepa. Clavery akakigandia nyuma, honi juu ya honi. Anatolia akamkumbatia mtoto. Mkwe huyu angekuwa wa kumzaa mwenyewe, angemzaba kofi la kisogoni!

Hapo bibi akaona majani mabichi barabarani, fungu moja, na mbele kidogo jingine. Moyo ukamtulia kidogo. Wanawake wametoka kukata nyasi za kutandika ndani, akawaza, zimewadondoka. Kuna nyumba hapa inangoja wageni.

Kibasi kikapunguza mwendo. Clavery akachomoka kulia ili akipite.

Kwenye kona, upande ule ule wa kulia, lori la ndizi lilikuwa limeharibika, limesimama pua kwa pua nao.

"Mawe!" Elieth akapiga kelele, akimwita mama kwa Kihaya.

Clavery akazungusha usukani. Gari likaruka mtaro, likachana migomba, likasimama limeinama. Kibasi kikaenda zake.

Joanitha hakulia. Anatolia akampapasa kichwa, shingo, mikono, anamwita jina, anamwita tena. Mtoto alipoangua kilio, bibi naye machozi yakamtoka.

Dereva wa lori, jina lake Kashaija, alikuja mbio, mikono imejaa grisi. Alipoona wote ni wazima, hofu yake ikageuka hasira.

"We bwana! Majani nimeyapanga tangu kule kwenye kalavati, mbele na nyuma. Hukuyaona?"

Clavery akazunguka gari, akikagua bampa. "Yule wa kibasi ni mwendawazimu," akasema. "Nisaidieni kusukuma. Tumechelewa."

Watu waliokuwa shambani wakaja wakasukuma. Gari likarudi kwenye lami, likawaka. Elieth akaingia. Anatolia alibaki amekaa ukingoni mwa mtaro, mjukuu kifuani.

"Mama, ingia basi."

"Mtoto haingii humo."

"Sasa tutafanyaje, mama? Tutembee mpaka Kaagya?"

Anatolia alimtazama mkwewe usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku walipokuja kuposa.

"Clavery."

Elieth akashtuka kusikia jina tupu hivyo.

"Mwenye lori amekuuliza. Mimi nilidhani ni nyasi za wageni, mimi kizee niliyekaa nyuma. Wewe unayeendesha, uliyaona?"

Clavery alitazama kona, akamtazama mtoto aliyekuwa bado ana kwikwi. Akazima gari. Akashuka, akachuchumaa mbele ya mama mkwe wake, mbali kidogo, kwa heshima.

"Niliyaona, mama," akasema. "Na nilijua ni ya nini."