Ngoma ya Umeme na Mguu wa Baudouin

Mpiga besi hapigi wimbo, anapiga mguu wa mpiga ngoma. Watu wa kanisa letu hapa Rwambuzi hawalijui hilo, na sijahangaika kuwafundisha. Wao wanamwona mwanamke mnene mwenye gita la nyuzi nne amesimama kando ya bateri, ile seti ya ngoma, Rébecca wa kwaya, basi. Lakini kwa miaka kumi na mmoja sikio langu limekaa kwenye mguu wa kulia wa yaya Baudouin, kaka yetu mkubwa kwayani, ule unaokanyaga pedali ya ngoma kubwa ya chini. Ukishuka, nami nashuka. Kwa hiyo nilikuwa wa kwanza kujua kwamba mguu ule umekwisha.

Pikipiki ilimwangusha kwenye tope karibu na Iga Barrière, akirudi kutoka kupiga harusini. Mfupa uliovunjika uliunga, akatembea, akarudi kwenye kigoda chake. Lakini tangu Noeli, kila wimbo ulipofika ubeti wa tatu mguu ulianza kuchelewa, kisha kuruka pigo moja, kisha mawili. Sikumwambia neno. Pale mguu ulipokosekana nilikandamiza uzi wa chini kwa nguvu zaidi, pengo likajaa, ibada ikaenda. Naye hakuniambia neno. Tulikuwa kama watu wawili wanaobeba meza, mmoja amechoka na mwenzake anajifanya hajaona.

Sababu ya kunyamaza ilikuwa viti. Mbele ya kanisa, upande wa kushoto, kuna viti vitano vya plastiki vya rangi ya buluu. Mtumishi akishindwa kazi yake, kanisa linampumzisha: anafungwa kitenge kipya begani, anaombewa, anakalishwa pale, na pale ndipo anapobaki. Ni heshima kubwa. Sijaona aliyeinuka akarudi kazini. Mzee Isidore, aliyekuwa akipuliza tarumbeta, mpaka leo anajaza mashavu hewa kila kwaya inapoanza, na mikononi hana kitu. Viti vinne vilikuwa na watu. Cha tano kilikuwa kitupu, na Baudouin, akiwa kwenye bateri, alikuwa akikitazama moja kwa moja.

Mwezi wa tatu akaomba kanisa linunue ngoma ya umeme ya kusaidiana na bateri. Alitoa sababu nzuri: vijana wanapenda sauti mpya, na kwaya nyingine za mjini zinazo. Kamati ikakubali. Kamate, mtu wa Butembo mwenye duka la vyombo vya muziki, akatuonyesha mbili na kukubali tuzijaribu. Ya kwanza ilikuwa bapa, ina miraba tisa ya mpira, taa za rangi na sauti mia mbili: makofi, radi, kengele, hata mbwa. Ya pili ilikuwa kisanduku kizee chenye vifundo vinne vya kuzungusha na mpira mmoja wa kupigia. Kilijua sauti moja tu, ya ngoma kubwa ya chini, ambayo ungeweza kuikaza au kuilegeza, kuifupisha au kuirefusha.

Caleb wa kinanda aliipenda ya kwanza kabla haijawashwa. Baudouin akasema yeye anataka kisanduku. Kwa nini? Kinamtosha. Wakamcheka kirafiki, wakamuuliza kama sokoni pia huwa anaacha gunia na kuchukua punje moja. Mimi nilikuwa nimemwona akikijaribu: alikipiga kwa kijiti cha mkono wa kushoto, na mguu wake wa kulia ukalala sakafuni umetulia. Wenzetu walikuwa wakitafuta sauti. Baudouin alikuwa akitafuta mguu.

Kwetu, lakini, chombo hakichaguliwi na wanamuziki. Kinapigwa Jumapili moja, na wamama wa safu ya mbele ndio wanaoamua. Wakiinuka kucheza, kinabaki. Wakikaa, kinarudi dukani. Mkuu wao ni mama Vahwere, ambaye hasemi sana na hajawahi kubadilisha uamuzi.

Jumapili ya kwanza tulipiga ile ya sauti mia mbili. Makofi ya mashine yalipanda juu ya makofi ya watu mpaka watu wakaacha kupiga makofi, wakawa wanaisikiliza ikiwapigia. Wamama hawakuinuka. Mama Vahwere alinyoosha kitenge magotini, akanyoosha tena, na kila mtu akajua mashine inarudi kwa Kamate.

Jumapili ya pili kisanduku kilifungwa kando ya ngoma ndogo. Kijiti cha kushoto kilishuka, na sauti ya chini ikatoka kwenye bafle, spika yetu kubwa, nzito, kwa wakati wake. Kwa mara ya kwanza tangu Noeli sikuwa na pengo la kuziba, na nilifurahi mpaka nikasahau kukunja uso. Wamama waliinuka kwenye ubeti wa kwanza. Kwenye ubeti wa tatu jenereta likaishiwa mafuta.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi hatukuhitaji hata kifo, dumu tupu lilitosha. Kisanduku kilinyamaza, kinanda kikanyamaza, na gita langu pia, maana gita la besi bila umeme ni ubao. Ikabaki bateri peke yake. Baudouin alirudisha mguu kwenye pedali. Ukapiga mara moja, ukachelewa, ukakosa. Kanisa zima lilisikia lile shimo. Nilisimama na nyuzi zangu zisizosema kitu, na nikaona aibu kana kwamba mguu ni wangu.

Kisha shimo likajaa. Visigino vya wamama viligonga sementi mahali palepale mguu ulipotakiwa kushuka, wakagonga hivyo mpaka wimbo ukaisha. Nilidhani ni bahati.

Mchana kamati ikakaa pamoja na wamama wa safu ya mbele, tukaitwa mimi na Baudouin. Pasta Théodore ni mtu mwema, na wema wake ndio uliotutisha. Alimshukuru Baudouin kwa miaka ishirini na miwili ya huduma, kisha akauliza kama kuna kitenge kipya. Baudouin alikuwa akitazama viatu vyake. Hasira ikanipanda. Nikasema mimi ndiye ninayemziba tangu Noeli, na ninaweza kumziba miaka kumi mingine. Siri niliyoitunza miezi mitatu nikaimwaga mwenyewe mezani, na hakuna mama hata mmoja aliyeshtuka. Mama Vahwere alinigeukia kwa upole, kama mtu anayesema na mtoto.

"Rébecca, siye tuko tunamujibia na visigino tangu Noeli. Uliwaza tuko tunacheza tu?"

Nilikuwa nimejiona nguzo. Kumbe safu nzima ya wamama wenye viatu vya Jumapili ilikuwa ikibeba meza ileile pamoja nasi, bila kumtangazia mtu. Baudouin aliinua uso. Alisema kwa sauti ndogo kwamba kila Jumapili, akifunika bateri, alikuwa akiiaga. Mama Vahwere akamtazama pasta.

"Yenye ilichoka ni muguu. Basi mupumuzishe muguu. Mutu abakie."

Pasta akaitikia kwa kichwa. Kisanduku kikabaki kwetu.

Jumapili iliyofuata, kabla ya wimbo wa kwanza, Baudouin alifungua skrubu za pedali, akaibeba mpaka mbele akichechemea waziwazi, akaiweka kwenye kiti cha tano. Mama Vahwere aliifunga kitenge kipya. Pasta aliiombea bila kutabasamu, kama anavyomwombea mtu. Watu wakacheka, halafu kicheko kikaisha chenyewe, na mzee Isidore akasogeza kiti chake kidogo kuipa nafasi.

Baudouin akarudi kwenye kigoda, akashika vijiti, akanigeukia.

"Leo piga yako, Rébecca. Yangu iko."

Akahesabu nne. Nilikosa pigo la kwanza kwa sababu nilikuwa nalia, na visigino vikanijibia.