Taa Zilizowaka Ndani ya Sanduku

Nimelala kwenye vyumba vingi, vingine havina hata dari, lakini chumba cha ajabu kuliko vyote nilikiingia mchana kweupe, nimekaa kwenye kiti cha plastiki nyumbani kwa dada yangu. Begi langu lilikuwa tayari mlangoni.

Dada macho yamechoka. Anaona mwanga na kivuli, basi. Tangu aungue mkono kwa sufuria, mwanawe mkubwa ametoa amri: jikoni marufuku, atapikiwa. Mpwa wangu, binti mdogo wa dada, ambaye kazi yake ni kuchora nyumba kwenye kompyuta, akamjia juu kaka yake.

"Kosa ni la jiko, si la Mama. Taa iko nyuma yake, anakata vitunguu ndani ya kivuli chake mwenyewe. Acha nilichore upya. Mama akilikubali, tunavunja. Akilikataa, haya, nanyamaza."

Basi mchana ule akaiweka kompyuta mezani.

"Mama, juu ya kabati nimeshusha dari kidogo, kama sanduku refu, lifiche bomba la moshi. Na taa ni za kuzama ndani ya dari, hakuna kinachoning'inia."

Akabonyeza. Picha ikaja polepole, chembe kwa chembe, kama ukungu unaotafuta pa kutua. Ukuta ukaja, kabati likaja, sinki likaja. Kisha ikagoma hapo, jiko zima jeusi tii, kana kwamba halina taa.

"Mwanangu," dada akasema, "umenichimbia pango."

"Taa zinawaka, Mama! Mashine inasema zinawaka."

"Zinamwakia nani?"

Nikaangua kicheko.

"Na wewe Kiguu-na-Njia, ulikuja kula au kucheka?"

"Vyote, Dada."

Mpwa akashika kipanya, akaipasua ile nyumba ya kwenye kompyuta katikati kama mkate. Tukapanda juu ya kabati, tukapenya ubao, tukaingia ndani ya lile sanduku. Kumbe ndiko zilikokuwa! Alizipanga taa kwanza kwenye dari ya juu, kisha akashusha sanduku chini yake, zenyewe akazisahau hukohuko. Zilikuwa zikimulika chumba kirefu, chembamba, kisicho na mlango wala vumbi, mwanga umejaa kama maziwa kwenye kibuyu. Sikuisikia tena feni iliyokuwa ikivuma juu yetu. Haki ya Mungu nilitembea mle, begi begani, nikipapasa kuta nyeupe, nikatamani kukaa, mimi nisiyekaa.

"Alaa!" Dada alikuwa amesogea mpaka pua inakaribia kioo cha kompyuta. "Nini hicho cheupe?"

"Makosa yangu, Mama."

"Usiyafute kwanza. Hicho nakiona."

Tukamwacha atazame mpaka alipoegemea kiti. Ndipo mpwa akazishusha taa moja moja hadi kwenye ubao wa chini wa sanduku, akazivuta mbele, usawa wa meza ya kukatia. Mwanga ukamwagika chini bila haraka. Dada akanyoosha mkono wake wenye kovu, akaweka kiganja kwenye kioo, na nuru ikachungulia kati ya vidole.

"Kivuli changu kimekwenda wapi?"

"Kiko mgongoni kwako, Mama."

"Kikae hukohuko, hakijui kupika." Akageuza uso. "Mwite kaka yako, mwambie aje na nyundo. Nawe Kiguu, chungu cha kwanza ni chako, usiniponyoke."

Nikaenda mlangoni, nikalichukua begi, nikalirudisha chumbani.