Kung'ata kwa Leonia

Hapa kijijini Kate mahindi hayaingii ghalani mpaka yang'atwe. Najua kuna mashine ya kupimia unyevu, lakini watu wa mtaa wetu wanamtaka Leonia, na Leonia ni mimi. Naweka punje kati ya magego, nabana. Ikipasuka kwa mlio mkavu, yafungwe magunia. Ikibonyea, yarudi juani. Miaka ishirini sijamuozeshea mtu gunia, na sioni haya kujisifu.

Ndiyo maana magego yalipoharibika nilikubali kwenda kutibiwa Sumbawanga. Daktari Shedrack, kijana mpole wa umri wa mwanangu, aling'oa mawili, akatibu mizizi ya mengine, na baada ya wiki kadhaa akanifunga daraja la meno bandia upande wa kulia.

"Mama, ng'ata taratibu," aliniambia siku ya mwisho. "Yanakutana sawasawa?"

Kinywa kizima kilikuwa na ganzi. Angeniwekea kokoto nisingejua. Lakini mtu amekuhangaikia tangu asubuhi, unaanzaje kumwambia kazi yake haijakaa? Nikamjibu kwamba yako vizuri sana, Mungu ambariki.

Ganzi ilipoisha nikajua. Kulia yaligongana mapema, kushoto yakabaki wazi. Taya likaanza kuuma, maumivu yakapanda mpaka sikioni. Mume wangu Isdori alinisihi nirudi kwa daktari. Nikamwambia hata kiatu kipya hubana kwanza. Nikawa mtu wa uji wa ulezi asubuhi na jioni, nimenuna, nagombeza hata kuku.

Wiki ya tatu akaja wifi yangu Rhoda, dada yake Isdori, na punje chache kwenye kikombe. Rhoda ni mjane, na mahindi yale ndiyo chakula cha watoto wake wanne mpaka mavuno mengine.

"Wifi, niangalizie. Nataka kufunga magunia leo."

Nikabana punje. Maumivu yalinipiga mpaka machozi yakanitoka, na sikusikia mlio wala kubonyea. Nilipaswa kusema sijui. Ila neno hilo sijawahi kulisema mbele ya mahindi ya mtu, na kiburi kikanishika.

"Yamekauka," nikasema. "Funga."

Akanitazama kidogo, akashukuru, akaondoka.

Kesho yake taya lilinishinda, nikapanda basi kurudi Sumbawanga. Daktari aliweka karatasi ya bluu kati ya meno, nikang'ata, ikaacha doa nene kwenye daraja. Akasaga pale. Nikang'ata tena, akasaga tena, bila ganzi safari hii.

"Daraja lilizidi kimo kidogo tu, mama, lakini taya limebeba mzigo huo wiki tatu," alisema. "Litauma siku kadhaa bado. Na nikikuuliza, niambie ukweli. Sikasiriki."

Siku nne baadaye maumivu yalikuwa yametulia. Nikachukua punje ya shamba letu, nikabana. Ikabonyea. Shamba letu linapakana na la Rhoda, tulivuna wiki moja, na baridi hii ya Juni haikaushi kitu upesi. Kama yetu yalikuwa bado juani na hayajakauka, ya kwake ndani ya magunia yangekuwa yameanza ukungu. Nilitoka mbio hata kanga sijaifunga vizuri.

Nilimkuta uani. Mahindi yake yote yalikuwa yametandazwa kwenye turubai, naye anayageuza kwa mguu.

"Rhoda, nilikudanganya. Siku ile sikusikia kitu."

"Najua, wifi. Ulisema yamekauka huku machozi yanakutoka. Sikuyafunga."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaumwa, nikuongezee nini tena? Hata wengine walipotaka kuja kwako niliwaambia Leonia anaumwa, wamwache apone kwanza. Wamesubiri tu."

Kumbe ndiyo maana wiki nzima hakuna aliyebisha hodi. Na mimi nilidhani nimewaficha. Nililia palepale, kwa aibu, na kwa kuona jinsi nilivyopendwa bila kujua.

Rhoda aliniacha nilie. Kisha akaokota punje, akanipa, akasimama kusubiri. Nikaing'ata upande wa kushoto. Nikachukua nyingine, nikaing'ata kulia.

"Bado," nikamwambia. "Siku mbili."

"Haya," akasema. "Shika upande ule, tuyageuze."