Gari Tupu Hudanganya

Munyoki hakuwa akiuza gari la kupanda milimani likiwa tupu. Ndivyo alivyofanya kazi tangu afungue gereji yake mjini Voi: mnunuzi wa Wusi au Wundanyi aje na watu wake, wajaze siti zote, wapande nalo mlima kutoka Mwatate. Gari tupu hudanganya, alizoea kusema. Likijaa watu ndipo husema ukweli.

Kwa hiyo Tryphena alipofika asubuhi ile, mkoba kwapani, fundi alichungulia nyuma yake kuelekea barabarani.

"Mama Jared, watu wako wapi?"

"Kazini. Leta ufunguo."

Gari lenyewe lilikuwa la siti saba, jeupe, la mwalimu mmoja aliyepata uhamisho akamwachia fundi amuuzie. Tryphena alilitaka kwa sababu moja tu. Krismasi iliyopita wanawe watatu, wote wa Nairobi, hawakuja; walimwambia treni si shida. Shida ni kutoka stesheni ya Voi hadi Wusi na watoto na mizigo. Yeye si mtu wa kubembeleza. Alikuwa amestaafu kutoka ofisi ya kilimo, kiinua mgongo kimeingia, akaja kukitafutia kisingizio hicho dawa. Desemba hii angewangoja stesheni yeye mwenyewe, injini ikinguruma.

Munyoki akasema basi vijana wa gereji wakae nyuma. Tryphena akakataa. Vijana wangeuliza gari kubwa hivyo ni la kubeba nani, naye hakuwa na hamu ya kujibu. Akaonyesha rundo la mchanga kando ya ukuta, akamwambia autie kwenye magunia. Magunia matano yakaketishwa nyuma, kila moja likafungwa mkanda lisianguke kwenye kona.

"Huyu wa dirishani ni nani?" fundi akatania.

"Mjukuu wangu Obadiah. Asipokaa dirishani hutapika."

Munyoki akacheka akijifunga mkanda kando yake. Tryphena alikuwa ameshaondoa gari.

Walipita Mwatate wakaanza kupanda. Aliisikiliza injini kama mtu anavyomsikiliza mshtakiwa akijitetea. Haikukohoa, wala joto lake halikupanda. Kila kona, kwenye kioo, aliyaona magunia yakilala upande mmoja kwa pamoja, kimya. Hakuwahi kuona nyuma yake pamejaa hivyo tangu msiba wa mumewe.

Huko juu wakasimama. Fundi akaingia chini ya gari kukagua kama kuna mafuta yanayovuja, na Tryphena akampigia Jared, kifungua mimba wake, ampe habari. Jared akalisifu gari. Kisha akasema wao watatu walishakubaliana kuwapeleka watoto Naivasha Krismasi hii, hoteli imelipiwa, hata alidhani dadake Tracy amemwambia. Mama naye anakaribishwa, nafasi haikosi.

"Na ng'ombe atakamuliwa na nani?"

"Si utafute mtu tu, mum?"

Tryphena akasema mtandao unasumbua, akakata. Mtandao ulikuwa mzuri. Akabaki ameishika simu, akitazama mashamba yaliyoteremka hadi bondeni, mpaka Munyoki alipotoka chini ya gari akijipangusa mikono kwa kitambaa.

"Gari imesema ukweli, mama. Unachukua?"

"Nachukua. Nitateremshia kabeji soko la Voi. Hizo siti za nyuma uzing'oe."

"Zote?"

"Umewahi kuona kabeji imekaa kwenye siti?"

Munyoki akamwambia ana bahati, kuna mtu wa Mahoo anatafuta siti kama hizo hizo, na hata leo angekuja kuzichukua. Tryphena akafungua mlango wa nyuma, akapitisha kiganja juu ya kitambaa cha siti, akakung'uta chembe za mchanga zilizomwagika.

"Haziuzwi," akasema. "Zifunge na nailoni panya wasizitafune. Naenda nazo nyumbani."