Kaya ya Nne

Mdadisi alikuwa mama mtu mzima, miguu yake haijui kuchoka. Kazi yake ilikuwa kuuliza watu habari za kazi zao. Mtaa ule alipewa kaya nne tu, zilizopatikana kwa kura, moja huku, nyingine kule, zisizojuana hata kwa salamu.

"Sasa kaya nne ndizo zitausemea mtaa mzima?" alimtania msimamizi wake asubuhi.

"Mama wewe, hujawahi kupika? Ukibonyeza punje mbili tatu unajua kama chungu chote kimeiva. Ila usijichagulie punje. Mlango usipofunguliwa, usirukie kwa jirani. Kila kaya imebeba nyingine mia mbili mgongoni."

Alicheka. Siku ile moyo wake ulikuwa mweupe: kitinda mimba wake alikuwa amepata kibarua machimboni, na lori lingemchukua mchana.

Kaya ya kwanza alijibu mke. "Mume wangu ana kazi. Yuko machimboni."

"Siku saba zilizopita alifanya kazi, japo kwa saa moja?"

Yule mke alitazama sakafu. "Machimboni wanasema ametoka. Hapa hajaingia."

Kaya ya pili alijibu kaka mtu, kwa maneno yaleyale. "Wanaume bwana, mkipata mshahara!" mdadisi alijaribu mzaha. Kaka hakucheka. Kaya ya tatu, baba mwenye nyumba alianza kujibu hata kabla ya kuulizwa: mwanawe ametoka, hajaingia.

Kaya ya nne mlango ulikuwa wazi. Bibi mmoja alimfutia kigoda kwa upindo wa nguo yake, akamletea maji. Mezani palikuwa na sahani iliyofunikwa kwa sahani.

"Ya mwanangu hiyo," bibi alisema. "Ikipoa naila mimi, namwekea nyingine. Yuko mach..."

"Najua, mama. Najua."

Nne kwa nne. Na kila moja imebeba mia mbili. Mdadisi aliitoa simu, akampigia kitinda mimba wake.

"Mama!" kijana wake aliitika kwa furaha, muungurumo wa lori nyuma yake. "Tumeshafika langoni. Watu wazuri hawa, wametugawia hadi buti!"

"Shuka, mwanangu. Shuka sasa hivi!"

"Mama naye! Kazi yenyewe sijaianza unaniachisha? Ngoja, wanakusanya simu. Nita..."

Simu ilikatika. Alipiga tena, na tena. Haipatikani.

Alisimama, maji yakamwagika. "Nakwenda kumtoa."

"Nilikwenda," bibi alisema taratibu. "Nilibisha hadi giza likaingia. Lile lango halimfungulii mama."

"Nitakwenda hata hivyo."

"Utakwenda. Nitakusindikiza. Pumua kwanza."

Bibi alimjazia kikombe upya. Kisha akaenda jikoni, akarudi na sahani ya pili, akaiweka kando ya ile ya kwanza, akaifunika.